Jozani: msitu uliosimama juu ya maji

Daladala za Paje, Jambiani na Bwejuu hupita katikati ya msitu wa Jozani, kisiwani Unguja, tangu alfajiri mpaka usiku. Abiria wengi wanaujua msitu huu kwa dakika zile chache tu: kiza cha ghafla dirishani, kijibaridi kinachoingia bila kubisha hodi, matuta yanayomwamsha mtoto aliyelala, kisha jua tena. Nimewauliza watu wengi wa Mjini kama wamewahi kuteremka pale getini wakaingia ndani kwa miguu. Jibu ninalolipata mara nyingi ni swali: "Kule si kwa wageni?"

Jibu hilo linaniuma. Mtu anapanda ndege kutoka upande wa pili wa dunia kuja kumwona kima punju, mnyama asiyepatikana kwa asili popote ila kisiwani kwetu, na sisi tuliozaliwa kilomita 35 kutoka pale tunampita tukiwa na mikoba ya dagaa mapajani. Kiingilio cha wenyeji ni cha chini kuliko cha wageni, na kiongozi wa msafara anazungumza Kiswahili kizuri kuliko hicho anachokilazimisha kwa watalii. Kwa hiyo makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu wa Unguja, au Mbara aliyekuja kutembea kwa jamaa zake, anayetaka kuingia Jozani na kuelewa anachokiona.

Kosa la kwanza la anayeingia mara ya kwanza ni kuinua kichwa na kuanza kumtafuta kima. Subiri. Angalia chini kwanza, kwa sababu habari yote ya Jozani inaanzia chini ya miguu yako, kwenye maji.

Upande wa mashariki na kusini wa Unguja ni nchi ya mawe. Ni matumbawe ya zamani sana, yaliyokua chini ya bahari, yakagandamana, bahari ikashuka na kuyaacha juani. Ndiyo maweni yetu. Mvua ikinyesha maweni, maji hayakai: yanapenya kwenye matundu na nyufa, yanakwenda zake chini, na baada ya siku mbili jua limeshakausha kila kitu. Ndiyo maana miti ya maweni ni mifupi, majani yake magumu, na mkulima wa huko hulima vijishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe. Sasa, kati ya Ghuba ya Chwaka upande wa kaskazini na hori la Pete na Uzi upande wa kusini, nchi imeinama kidogo. Ni bonde dogo mno, hata ukiwa ndani ya gari hulihisi. Lakini mwinamo huo umetosha kuusogeza uso wa ardhi karibu na maji yaliyojificha chini. Mti ukiota pale, mizizi yake haina haja ya kuhangaika. Masika yakikolea, maji yenyewe hupanda juu, na sehemu za njia huzama kabisa.

Kwa hiyo, katika kisiwa cha mawe makavu, umepatikana mfuko wa msitu mrefu wenye kivuli. Hifadhi nzima ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na ambayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza kwa Zanzibar, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Msitu huu wa majimaji ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Sehemu kubwa iliyobaki ni vichaka vya maweni, mikoko na ardhi ya chumvi. Mtu akitembea njia ya msituni peke yake, akapiga picha na kuondoka, ameona sebule, nyumba hakuiona.

Hapo ulipo, mti utakaouona zaidi ni mtondoo. Una majani mazito yanayong'aa kama yaliyopakwa mafuta, yenye mishipa iliyonyooka na kusogeleana kama nyuzi za kitambaa. Waswahili wanaujua vizuri mti huu. Mbao zake zimetengeneza vyombo vya baharini, mbegu zake hutoa mafuta, na tunda lake limetupa msemo: mtondoo haufi maji. Tunda la mtondoo huelea. Linaweza kusukumwa na mawimbi siku nyingi, likatupwa pwani, na bado likaota. Wazee walioutunga msemo ule walikuwa wamekaa pwani wakaangalia, na walichokiona ndicho tunachowafundisha wanafunzi wa elimu ya mimea leo: mbegu inayosafiri kwa maji huhitaji ganda linaloelea.

Lakini lazima niseme ukweli mmoja ambao baadhi ya viongozi wa misafara huuruka. Mitondoo mingi ya Jozani ilipandwa na watu. Katika miaka ya 1930 msitu huu ulikuwa mikononi mwa mfanyabiashara wa Kihindi aliyeweka hapo mashine ya kupasulia mbao. Baadaye serikali ikauchukua, idara ya misitu ikapanda mitondoo kwa ajili ya mbao, na mwaka 1960 ukatangazwa kuwa msitu wa hifadhi. Kwa hiyo anayekuambia kwamba huu ni msitu wa tangu enzi usioguswa na mkono wa binadamu, anakupa hadithi tamu isiyo kweli. Mimi naiona habari ya kweli kuwa inatia moyo zaidi. Msitu ulikatwa, ukapandwa, ukaachwa, na ndani ya umri wa mtu mmoja tu umerudi kuwa nyumba ya wanyama ambao dunia nzima inawalilia.

Chini ya mitondoo kuna michikichi, kuna mikindu ambayo makuti yake machanga ndiyo ukindu wa mikeka ya bibi zetu, na kuna aina ya mkadi wa porini, ndugu wa ule unaotupa maua ya vikuba. Utazame mkadi huu kwa makini: umesimama juu ya miguu mingi, kama mtu aliyepandisha kanzu asilowe. Mizizi yake imetoka juu ya ardhi kwa sababu udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi nayo inapumua. Miti mingine imetandaza mizizi yake juu juu tu, basi upepo mkali ukija huegama, na ukiegama huendelea kuishi hivyo hivyo ubavu. Watoto wa shule nikiwaonyesha mti ulioanguka na bado una majani mabichi, hapo ndipo maswali yanapoanza kumiminika, na hapo ndipo mwalimu anatakiwa aache kutazama saa.

Haya, sasa inua kichwa.

Kima punju ana mgongo mwekundu wa hudhurungi, mabega meusi, tumbo jeupe, na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso mweusi kama mzee aliyeamka bila kuchana. Midomo na pua vina rangi ya waridi. Wataalamu wanamwita Piliocolobus kirkii. Jina la kirkii linatokana na John Kirk, Mskoti aliyekuwa Zanzibar katika enzi za masultani, na maelezo ya kitaalamu ya kima huyu yalichapishwa mwaka 1868. Jina letu sisi ni la zamani zaidi na lina ukali ndani yake. Punju ni sumu. Wazee wa shamba walikuwa wakisema mti anaoukalia kima huyu hunyauka ukafa, na mbwa akila nyama yake hunyonyoka manyoya. Harufu yake kali, tofauti na ya kima wa kawaida, ilizidisha hofu hiyo. Imani hiyo ilimdhuru kwa upande mmoja, kwani aliuawa kama mdudu mharibifu. Kwa upande mwingine ilimlinda, kwani hakuna aliyetaka kumla.

Mtazame mikono. Vidole ni vinne virefu, na kidole gumba ni kijidole tu kisichofaa kitu. Tabia hiyo iko kwa jamaa zake wote barani Afrika, mbega mweusi na mweupe akiwa mmoja wao. Kwa kuruka matawini, mkono wa namna hiyo ni ndoano nzuri, hakuna gumba la kukwama.

Ajabu kubwa zaidi imo tumboni. Kima punju anakula majani, hasa machanga, pamoja na maua, vitumba na matunda mabichi. Tumbo lake limegawanyika vyumba, karibu na jinsi lilivyo la ng'ombe, na ndani yake mna bakteria wanaoyachachua majani hayo ili yatoe nguvu. Bakteria hao ndio mtaji wake. Ukimpa ndizi mbivu, sukari inachacha upesi, tumbo linajaa gesi na asidi, na mnyama anaweza kufa. Tafadhali lisome tena jambo hili kabla hujamruhusu mtoto kurusha ganda la embe. Kumlisha kima punju ni kumuua kwa upendo. Kima wa kawaida, yule wa kijivu mwenye koo jeupe anayeandamana naye mara nyingi, ana tumbo la namna nyingine na ana vifuko mashavuni vya kuwekea alichoiba. Huyo ndiye anayemaliza mahindi na mihogo ya watu, na kesi nyingi anazobebeshwa punju ni zake.

Pembezoni mwa hifadhi, kwenye mashamba ya Pete na Jozani, kuna makundi ya kima punju yaliyozoea kula majani ya mkungu na mwembe. Majani hayo yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali za fenoli zinazovuruga usagaji wa chakula. Sasa angalia walichokivumbua: wanakula makaa. Wanateremka kwenye tanuri la makaa la zamani au kwenye kisiki kilichoungua, wanachukua kipande, wanapanda nacho mtini wakitafuna. Watafiti waliyapima makaa hayo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1997, na wakaona kwamba yanazinasa fenoli zile barabara na kuiacha protini. Hospitalini mtu aliyekunywa sumu hupewa makaa yaliyotengenezwa maalumu kwa kazi iyo hiyo. Mtoto wa kima hujifunza kwa kumtazama mama yake akila. Mimi kila nikiwaona wakitafuna makaa husimama nikatazama mpaka wamalize, hata kama nimewaona mara mia.

Na minazi? Hapa ndipo ugomvi wa muda mrefu baina ya wakulima na hifadhi ulipo, na mkulima ana haki ya kusikilizwa, maana anakaa chini ya mnazi wake akiona kundi zima la kima likiangusha alichokitegemea. Kima punju hawali dafu wala nazi. Wanakula vidaka, yaani vinazi vichanga kabisa. Kila mwenye mnazi anajua kwamba upunga ukifunguka, vidaka ni vingi mno, na mnazi wenyewe huviangusha vingi kabla havijafika kuwa vitale. Utafiti uliofanywa Jozani na kuchapishwa mwaka 1999 ulihesabu vidaka vilivyoliwa na nazi zilizovunwa, na ukakuta kwamba minazi iliyoliwa zaidi haikutoa mavuno madogo. Ilielekea hata kutoa zaidi, huenda kwa sababu kupunguzwa kwa vidaka kunasaidia vinavyobaki kujaa. Sisemi mkulima hapati hasara yoyote. Mboga na mazao mengine huliwa, na sehemu ya mapato ya utalii inayokwenda kwa wenye mashamba na kwa vijiji vinavyozunguka hifadhi ni deni halali, si sadaka. Lakini kwa nazi, hesabu haimtii hatiani.

Nirudi kwenye maji. Kwa kawaida kima wa jamii hii hunywa kidogo sana, kwa kuwa majani machanga yanamtosheleza. Lakini upande wa Uzi na Vundwe kuna kima punju waliohamia kwenye mikoko baada ya vichaka vya maweni kukatwa, na huko watafiti wamewakuta wakinywa maji mara nyingi, jambo lisilo la kawaida kwao, kwa sababu majani ya mikoko yana chumvi. Ukitaka kujua msitu umefika wapi, tazama kima anavyokunywa.

Wako wangapi? Hesabu kubwa ya kisiwa kizima iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyodhaniwa kabla. Habari hiyo ilitufurahisha sote, lakini haikuwa habari njema yote. Walio wengi walikuwa ndani ya maeneo yanayohifadhiwa, na watoto wengi walikuwa hawafiki utu uzima. Kule Pemba hawakuwako kabisa kwa asili. Mkondo baina ya Pemba na bara ni wa kina kirefu, na kisiwa kile kilijitenga zamani sana. Unguja ilikuwa imeshikana na bara mpaka kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, bahari ilipopanda. Kima punju wachache walipelekwa katika msitu wa Ngezi mwaka 1974, na kizazi chao kingaliko.

Jambo moja la barabara. Ile lami inayokufikisha pwani imekata makazi yao mapande mawili. Kabla ya kuwekwa matuta, ilikadiriwa kwamba kima punju mmoja alikuwa akigongwa na kufa kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya matuta, mmoja kila wiki sita hivi. Kila tuta linalokukasirisha limeokoa roho. Bado hayajatosha, na dereva anayechepuka pembeni ya tuta ili asipunguze mwendo anapita palepale wanapovukia.

Unapokuwa karibu nao, kaa mbali hatua tano au zaidi. Siku hizi wamewazoea watu mno, wanapita miguuni, na kishawishi cha kunyoosha simu mpaka usoni mwao ni kikubwa. Mafua yako yanaweza kuwa msiba wao, kwani damu yao na yetu haziko mbali. Mtu mwenye kikohozi angefanya hisani kubwa kuahirisha safari.

Kima ni mwepesi kuonekana. Wengine wote wa Jozani wanahitaji subira. Paa nunga ni mdogo, mwekundu, ana ukanda mweupe matakoni na madoadoa meupe miguuni. Duniani kote amebaki hapa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, ukiwamo Arabuko-Sokoke. Ana werevu wa kupendeza: huwafuata kima wanaokula juu, akaokota maua, majani na matunda wanayoyaangusha. Kwa hiyo ukiwakuta kima wametulia wanakula, usiwakodolee wao peke yao. Nyamaza, chutama, tazama chini yao kwenye kivuli. Zamani wasasi walimwinda kwa mbwa na nyavu kwa utaratibu na misimu. Leo mitego ya waya haina msimu, na inamnasa mwenye mimba sawa na dume.

Njule naye ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo. Watu humdhani panya, lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na tembo kuliko na panya. Hupekua majani makavu akitafuta wadudu, na ukisikia mchakacho wa haraka unaosita, ukaendelea, ukasita tena, basi ni yeye. Jamaa mwingine wa tembo hukaa mitini na kwenye mapango ya mawe. Ni pelele, mwenye umbo la sungura asiye na masikio marefu. Tembo, nguva na pelele ni ukoo mmoja wa kale, na ushahidi wake umo katika mifupa, meno na vinasaba vyao. Usiku pelele hupiga kelele ya kutisha, huanza polepole ikapanda mpaka kama mtu anayekabwa. Ongeza na kilio cha komba, kinachofanana na cha mtoto mchanga, na utaelewa hadithi ngapi za mashetani za kusini zimezaliwa na wanyama wenye uzito wa kuku.

Watu wataniuliza kuhusu chui. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa yaliyosongamana. Ngozi zake zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na aliandikwa kwa jina la kitaalamu mwaka 1932. Kwa kuwa watu waliamini kwamba wachawi huwafuga chui na kuwatuma, baada ya Mapinduzi ya 1964 wachawi na chui waliandamwa kwa pamoja, na mnyama akaangamizwa karibu wote. Wataalamu wengi wanaamini ametoweka. Wanavijiji wako wanaosema bado wanaona nyayo. Mimi sijaona, na nikiona nitasema.

Ndege nao wamo. Ukisikia mlio mzito kileleni, kisha kitu cha kijani kikafungua mbawa na kuonyesha wekundu kama wa kanga mpya, huyo ni kulukulu. Wekundu ule ni rangi yenye madini ya shaba ndani yake, rangi ambayo ndege wa ukoo wake peke yao ndio wanaoitengeneza.

Ukishatoka kwenye msitu wa majimaji, mwombe kiongozi akupeleke kwenye vichaka vya maweni. Wengi hukataa kwa sababu ya jua na mawe makali. Pale utaona mjoma, mlapaa, mkaaga, mdaa, miti isiyozidi sana kimo cha nyumba, mingi ikiwa na mashina matatu au manne yaliyotoka kwenye kisiki kimoja. Hiyo ndiyo alama ya panga. Kila kisiki kilikatwa kwa kuni, kwa makaa, kwa nguzo au kwa tanuri la chokaa. Tunapopaka nyumba chokaa, tukumbuke kwamba jiwe halichomeki bila kuni, na kuni za tanuri moja ni rundo la kupita kimo cha mtu. Miti ya maweni ina ustahimilivu mkubwa, hukatwa ikachipua, lakini inataka kupumzishwa. Kikichipua kikakatwa, kikachipua kikakatwa tena, kisiki huchoka. Vijiji vinavyozunguka hifadhi, kama Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe na Chwaka, vimekubaliana na wahifadhi maeneo ya kukata na ya kuacha. Makubaliano hayo yana mivutano yake kila mwaka, na sioni haya kusema hivyo, maana mvutano wa watu wanaozungumza ni bora kuliko ukimya wa msumeno wa usiku.

Mwisho nenda mikokoni, upande wa pili wa barabara, ambako kuna daraja refu la mbao linalopita juu ya tope. Uliza kwanza habari za kupwa na kujaa kwa maji, kama unavyouliza mvuvi. Maji yakiwa yamekupwa utaona mizizi, kaa na visamaki vinavyorukaruka juu ya tope kama vyura. Maji yakiwa yamejaa utaona samaki wachanga wakizunguka baina ya mizizi ile ile. Siku za bamvua tofauti ni kubwa zaidi.

Mkoko wenyewe ndio ule wenye miguu mingi iliyopinda. Mkandaa ni mwembamba, magome yake hutoa rangi nyekundu. Mchu hutokeza vijidole vya kupumulia kwenye tope, mamia kwa mamia. Chukua jani la mchu, liguse kwa ulimi upande wa juu: ni chumvi. Mti umeinyonya kwenye maji ya bahari na kuitoa jasho. Mkoko una njia nyingine, huichuja chumvi mlangoni, kwenye mizizi, isiingie. Miti miwili jirani, tatizo moja, majibu mawili. Boriti za mikoko ya pwani yetu ziliezeka nyumba za Zanzibar, Muscat na miji mingi ya Ghuba ya Uajemi, na upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti. Leo mikoko ya Ghuba ya Chwaka, iliyo kubwa kuliko yote Unguja, inatufanyia kazi isiyoonekana: kaa, kamba na samaki wengi wanaovuliwa Chwaka na Michamvi wamepitia utoto wao humo.

Simama mwisho wa daraja, pumzika. Matunda ya mkoko yananing'inia juu yako, marefu ya kijani kama mishumaa. Lile unaloliona limeshaota hapo hapo juu ya mama yake, mzizi uko tayari nchani. Ukibahatika maji yakiwa yamekupwa utasikia moja likikatika. Linaanguka wima, linachoma tope, linasimama. Baada ya saa chache maji yanarudi, yanalizunguka, yanapanda mpaka kulifunika, na lenyewe liko pale pale.